Kinyume, Kilindini na Namba ya Siri

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya kibanda cha pesa za simu mjini Arua. Mbele yangu alisimama mama mmoja kutoka Koboko pamoja na mwanawe aliyeshika simu. Nyuma yetu walijaa wanafunzi waliotoka kusini mwa Uganda. Mama akamtajia mwanawe namba ya siri kwa Kiswahili, kwa sauti, akiamini hakuna mwingine atakayeelewa. Bahati mbaya mimi naifundisha lugha hiyo.

Imani ya mama huyo ina historia. Kwa muda mrefu Kiswahili kilijulikana Uganda kama lugha ya kambi. Kilitumika katika King's African Rifles, na askari wengi wa West Nile walikizoea huko. Raia asiyekijua alikisikia kama fumbo. Amri ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikuiondoa hisia hiyo, na baada ya 1979 wengi waliendelea kukihusisha na bunduki. Hata hivyo, lugha ngeni si kufuli. Humzuia tu yule ambaye hajajifunza.

Waswahili wa pwani, ambao wote walisema lugha moja, walihitaji hila nyingine, nayo ni kinyume. Silabi ya mwisho hupelekwa mwanzo: kitabu huwa bukita, nyumba huwa mbanyu, na Koboko yetu ingekuwa Kokobo. Edward Steere, mmisionari wa Unguja katika karne ya 19, alikiandikia habari zake. Katika taaluma ya usimbaji, yaani kuficha maana ya ujumbe, huu ni uhamishaji: herufi ni zile zile, nafasi ndizo zimebadilika. Njia ya pili ni ubadilishaji. Tukiweka badala ya kila herufi ile inayoifuata, "njoo Arua kesho" inakuwa "okpp bsvb lftip". Inatisha machoni, lakini mwanafunzi wa fonolojia hatachelewa. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, basi p na b zimekwisha kujisema. Al-Kindi wa Baghdad alifundisha mbinu ya kuhesabu herufi namna hii tangu karne ya 9.

Njia zote mbili zilikutana Mombasa wakati wa vita. Baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo mwezi Aprili 1942, Waingereza waliwahamishia wavunja misimbo wao Kilindini, katika jengo la shule ya Allidina Visram. Meli za biashara za Japani zilitumia msimbo ulioitwa JN-40, ambao kwanza ulibadilisha herufi kuwa tarakimu, kisha ukazihamisha. Waingereza walidhani ni msimbo wa aina nyingine kabisa. Mwezi Septemba kosa moja la Wajapani wenyewe liliwafungulia njia John MacInnes na Brian Townend, na kufikia Novemba walikuwa wakisoma kila ujumbe uliowafikia. Hayo yalifanyika kwenye pwani yetu, lakini sijaona silabasi ya Kiswahili inayoyataja!

Kanuni kuu ya taaluma hii iliandikwa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Kijerumani mjini Paris. Naam, mwalimu wa lugha. Alishikilia kwamba mfumo uwe salama hata adui akiujua wote, mradi ufunguo tu ubaki siri. Ndivyo ilivyo hadi leo: mbinu kuu zinazolinda mawasiliano ya benki na intaneti zimechapishwa na yeyote anaweza kuzisoma. Kinachofichwa ni ufunguo. Kwa mteja wa pale kibandani, ufunguo ni zile tarakimu chache alizozitangaza.

"Samahani mama," nilimwambia tulipotoka, "ibadilishe namba yako leo hii." Alinitazama kwa mshangao, kisha akamgeukia mwanawe na kumwuliza, safari hii kwa Kinubi, huyu mwalimu ameijuaje.