Wufa, Vumi na Bei ya Jina

Ukiulizia wufa kwenye duka la vifaa vya umeme Griftu, kule Wajir Magharibi, utaletewa seti nzima: sanduku lenye vitufe, redio na tundu la flashi, pamoja na spika mbili ndogo za kuweka kando ya televisheni. Hivyo ndivyo Mkenya anavyolitumia neno hili, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi Mandera. Fundi wa sauti analitumia kwa maana finyu zaidi. Kwake wufa ni spika moja tu, ile pana inayotoa sauti nene, na jina lake kwa Kiingereza limetokana na mbweko wa mbwa. Mwenzake, twita, anatoa sauti nyembamba, na jina lake limetokana na mlio wa ndege. Chini ya wufa kuna sabwufa, ambayo kazi yake ni sauti za chini kabisa peke yake, takriban hezi 20 hadi 100. Hezi ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Sikio zima la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kwa hiyo sabwufa imepewa kipande kidogo mno cha kazi.

Kipande hicho kilipata umaarufu katika sinema. Mwaka 1974 kampuni ya Universal ilitoa filamu ya Earthquake ikiwa na mfumo ulioitwa Sensurround: spika kubwa za Cerwin-Vega zilizotikisa ukumbi ili mtazamaji ahisi tetemeko mwilini. Sabwufa ya nyumbani ni mjukuu wa mitambo ile.

Tuiiteje kwa Kiswahili? "Kipaza sauti cha besi" ni sahihi lakini ni ndefu, na kipaza sauti ni jina la maikrofoni pia. "Spika ya besi" inaeleweka ila haitenganishi wufa na sabwufa. Ngoma za pwani zilishatatua jambo hili kabla ya umeme: chapuo ni ndogo, hulia kwa ukali, vumi hutoa mvumo mzito unaokaa chini ya ngoma nyingine. Mimi ningeiita sabwufa spika ya vumi, na neno wufa ningeliachia seti nzima, kwa kuwa watu wamekwisha kuliamua. Sitarajii wauzaji wabadilishe vibao vyao. Lakini tofauti hiyo ina faida kwa mnunuzi, maana anayelipia jina kubwa kama Sony, JBL au Bose badala ya seti ya bei nafuu huwa analipia zaidi lile vumi, na inafaa ajiulize kama analihitaji.

Tuanze na anachosikiliza. Sauti ya mwanamume anapozungumza ina msingi wa hezi 85 hadi 180 hivi, na ya mwanamke hezi 165 hadi 255. Taarifa ya BBC Somali, usomaji wa Qurani, mashairi, mtangazaji wa mpira: karibu vyote viko juu ya eneo la spika ya vumi. Hata kaban, udi wa Kisomali, hushuka chini ya hapo mara chache. Gitaa la besi ndilo linalofika hezi 41, na atakayepiga nyimbo za Dur-Dur Band, kundi la Mogadishu la miaka ya 1980, ataona tofauti. Kwa wengine wote, zile spika mbili ndogo ndizo zinazobeba matamshi, na ndizo ambazo hakuna anayezikagua dukani. Muuzaji huweka wimbo unaogonga, meza ikatetemeka, mnunuzi akaridhika.

Kisha kuna nyumba. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6 hivi. Chumba cha mawe hulizuia na kuliongezea nguvu. Aqal, nyumba ya Kisomali ya miti iliyopindwa na mikeka, hulipitisha karibu kama vile hakuna ukuta. Mabati ndiyo mabaya zaidi, kwani huanza kulia yenyewe. Spika ya makumi ya maelfu ya shilingi ndani ya chumba cha mabati itakupa mlio wa mabati.

Siwatetei wa bei nafuu. Kwenye maboksi yao utakuta wati 5,000, hata 10,000, zikifuatwa na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika. Kila mtengenezaji hujipimia. Geuza sanduku usome kibandiko cha nyuma, penye volti na matumizi ya umeme. Kikisema wati 60, basi hakuna namna spika zikatoa zaidi ya hizo mfululizo. Seti nyingi za aina hii zimejengwa kwa chipu ya TDA2030, ambayo kila moja hutoa wati 14 hivi. Chipu tatu ni wati arobaini na kitu. Kampuni kubwa kwa kawaida hutaja wati za RMS, zile zinazoweza kutoka kwa muda mrefu. Ukweli huo una thamani, ingawa wati zenyewe zina thamani ndogo kuliko watu wanavyodhani: ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati mara kumi.

Fedha ya ziada inanunua nini basi? Koni pana inayosukuma hewa nyingi, sanduku la mbao nzito lisilotetemeka, na kikuza sauti kisichokoroma kikizidishwa. Kushuka kutoka hezi 80 hadi 40 kwa ukubwa uleule wa sauti kunataka hewa isukumwe mara nne zaidi. Wahandisi wanayo kanuni ya Josef Anton Hofmann: sanduku dogo, sauti ya chini, umeme kidogo, chagua mawili.

Na umeme ndio unaoamua mambo katika nyumba inayotegemea sola. Betri ya volti 12 na Ah 100 inahifadhi wati-saa 1,200, na ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Seti ikichota wati 60 kwa saa tano imekula wati-saa 300, nusu ya ulichoruhusiwa. Seti nyingi za bei nafuu hupokea volti 12 moja kwa moja. Za majina makubwa mara nyingi hutaka volti 240, kwa hiyo unaongeza inveta, nayo hula sehemu yake. Na seti ya bei nafuu ikiharibika, chipu ya TDA2030 fundi ataibadilisha kwa kichomeo na risasi. Ubao wa kisasa uliounganisha kila kitu pamoja huwa safari ya Nairobi.

Mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira na filamu, au anayekodisha mitambo kwa harusi, ana hesabu nyingine. Yeye hucheza kwa saa nyingi, kwa sauti ya juu, kwenye umati, na seti ya wati 60 itaungua koili mapema. Huyo alipie koni ya inchi 12 au 15 na wati za RMS, na jenereta yake. Wa nyumbani anunue seti ya volti 12 yenye spika ndogo za njia mbili, yaani zenye twita pia, na kabla ya kulipa aombe muuzaji aweke redio, habari, si muziki, kisha asikilize kama herufi s na f zinatoka safi.