Maziko ya Mbwa Baharia

Ukiitazama ramani ya Afrika, msomaji, ukaanza Mombasa na kushuka kwa kidole kuifuata pwani mpaka bara linapokwisha, utaukuta mji wa Cape Town, na kusini yake kidogo, kando ya ghuba, mji mdogo uitwao Simon's Town. Hapo palikuwa na kituo cha manowari za Uingereza mpaka mwaka 1957, kilipokabidhiwa serikali ya Afrika Kusini. Katika siku za Vita Kuu ya Pili meli nyingi zilitia nanga huko zikiwa safarini kwenda Misri, Bara Hindi na Mashariki ya Mbali. Mlimani juu ya mji huo liko kaburi lenye jiwe la matale. Aliyezikwa humo alizikwa kwa bendera, bunduki na tarumbeta, kama wazikwavyo wanajeshi. Naye alikuwa mbwa.

Huenda ukacheka, wala sikulaumu. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mbwa ni mlinzi wa boma na msaidizi wa mwindaji, kwamba chakula chake ni makombo na kitanda chake ni nje ya mlango. Na pwani Waislamu wengi hawamkaribishi hata kizingitini. Akifa huzikwa upesi, na watoto tu ndio humlilia, tena kwa siri. Lakini nakuomba uvumilie uisikie habari hii mpaka mwisho, kwa maana imo ndani yake huzuni ya kweli, na huzuni hiyo si ya mbwa peke yake.

Mbwa huyo alizaliwa Rondebosch, karibu na Cape Town, tarehe 1 Aprili 1937. Alikuwa wa jamii ya mbwa wakubwa waitwao Great Dane, na aliposimama kwa miguu ya nyuma urefu wake ulikaribia meta 2. Aliyemnunua, Bwana Benjamin Chaney, alihamia Simon's Town kusimamia nyumba ya starehe ya wanajeshi, na hapo ndipo mbwa alipojuana na mabaharia. Walimpa nyama, walimpa hata pombe, wakatembea naye. Naye akawafuata mpaka gatini na kupanda melini. Inasimuliwa kwamba mahali alipopapenda zaidi ni manowari iitwayo Neptune. Alikuwa akijilaza juu kabisa ya daraja la kupandia, na kwa ukubwa wake hapakuwa na mtu aliyeweza kupita. Mabaharia wakamwita Nuisance, yaani msumbufu.

Usumbufu wake ulizidi alipojua kusafiri kwa treni. Mabaharia walipokwenda Cape Town kutembea, yeye alipanda pamoja nao, akajinyosha juu ya viti. Wakaguzi wa tikiti walimshusha, naye akangoja treni ya pili akapanda tena. Abiria wengine walijitolea kumlipia nauli, lakini wakuu wa reli hawakuridhika. Walimwonya mwenyewe kwamba asipomzuia au kumlipia, mbwa atauawa. Habari hii ilipoenea, mabaharia na raia waliandika barua nyingi kumtetea. Jeshi la majini likapata hila ambayo, kwa maoni yangu, ni katika hila nzuri zilizopata kutungwa ofisini: kwa kuwa mabaharia walipanda treni bila malipo, basi mbwa naye na awe baharia.

Tarehe 25 Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kuanza, aliandikishwa. Karatasi zake zilijazwa sawasawa kama za mtu. Palipotakiwa jina la ukoo liliandikwa Nuisance. Palipotakiwa jina la kwanza iliandikwa Just, maana yake "tu", hata jina lake zima likawa Msumbufu Tu. Kazi yake iliandikwa kuwa mvunja mifupa, na dini yake kuwa mdoezi. Alipimwa afya akaonekana anafaa kwa vita, na mahali pa sahihi palipigwa chapa ya wayo wake. Baadaye alipandishwa cheo, ili apate haki ya posho ya chakula.

Usidhani kwamba alikuwa malaika. Karatasi za jeshi zimeandika makosa yake: alisafiri bila cheti, alitoroka kazini, alipoteza ukanda wake wa shingoni, alikataa kutoka vilabuni wakati wa kufunga. Mara moja alikutwa amelala kitandani kwa mkubwa mmoja, akahukumiwa kunyimwa mifupa kwa siku 7. Kosa lililokuwa baya zaidi ni kwamba alipigana na mbwa wa manowari nyingine, na wawili katika hao walikufa. Lakini mabaharia walimsamehe yote. Baharia aliyelewa akalala njiani usiku aliweza kuamshwa na mbwa huyu na kuongozwa mpaka kambini, na walipogombana wenyewe kwa wenyewe alijitia katikati yao mpaka wakaachana. Alipooshwa na kupelekwa mbele ya watu alileta fedha za msaada wa vita. Aliozwa hata mke, Adinda, wa jamii yake, na watoto wao wawili waliuzwa kwa mnada Cape Town kwa ajili ya msaada huo huo.

Jambo moja hakulifanya kamwe: hakwenda baharini vitani. Wahenga wetu walisema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, na huyu ufuko hakuuacha. Aliachwa gatini kila meli ilipong'oa nanga, akabaki kuwangoja watakaorudi na kuwapokea wageni.

Nao wengi hawakurudi. Manowari Neptune, ile ile ambayo inasimuliwa kwamba ndiyo iliyompa jina, ilihamishiwa Bahari ya Kati. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1941, mbali kidogo na Tripoli katika nchi ya Libya, iliingia penye mabomu yaliyotegwa majini. Liliipiga la kwanza, la pili, la tatu, hata la nne, ikapinduka na kuzama. Watu waliokuwamo walizidi 750, na aliyeokoka alikuwa mmoja tu. Yafikirie maneno hayo, msomaji. Wale vijana waliomruka mbwa juu ya daraja, waliomgawia nyama na kumtukana kwa mapenzi, takriban wote waliobaki na meli ile walikwenda chini kwa usiku mmoja, wala hapakuwa na kaburi hata moja la kuwekea shada la maua.

Mbwa mwenyewe aliumia katika ajali ya gari, na baada yake damu iliganda mishipani akaanza kupooza kidogo kidogo. Aliachishwa kazi tarehe 1 Januari 1944. Daktari wa wanyama alisema hatapona, na tarehe 1 Aprili, siku ya kutimiza miaka 7, alichukuliwa kwa gari mpaka hospitali ya jeshi la majini Simon's Town akadungwa sindano ya kumpumzisha. Siku ya pili yake mwili ulitiwa katika turubai, kama walivyozoea kuwafunga mabaharia wafao baharini, ukafunikwa bendera nyeupe ya jeshi la majini, ukapandishwa mlimani mpaka kambi ya Klaver. Bunduki zilipigwa kwa heshima, tarumbeta ikalia wito wa mwisho.

Waliosimama pale wakiinamisha vichwa walikuwa watu wazima walioiona vita kwa miaka minne na nusu. Mimi siamini kwamba walisahau kuwa wanamzika mbwa. Naamini kwamba walikuwa wamechoka kuwalilia wenzao bila mahali pa kusimama. Bahari haina alama. Meli ikizama, maji hujifunga, na kesho yake mawimbi ni yale yale. Hapa palikuwa na shimo, na udongo, na rafiki aliyewajua watu wa Neptune. Mtu aweza kulia juu ya kaburi dogo machozi aliyoyaweka kwa ajili ya makubwa.

Lakini liko swali ambalo kijana wa Kiafrika hawezi kulipita, nami sitaki ulipite. Katika miaka hiyo hiyo, nchi hiyo hiyo, Mwafrika aliyejiunga na jeshi la Afrika Kusini hakuruhusiwa kupewa bunduki. Alipolinda ghala alilinda kwa mkuki na rungu. Mbwa alikuwa na cheo na cheti cha treni. Na mwaka 1967 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba Simon's Town ni mji wa Wazungu, maelfu ya watu wasio Wazungu wakaondolewa katika nyumba walimozaliwa. Kaburi la mbwa halikuguswa. Mwaka 1985 alisimamishiwa sanamu ya shaba katikati ya mji, na ukanda wake na karatasi zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Mbwa hana hatia katika hayo, na mabaharia waliomlilia hawakuzitunga sheria zile. Hata hivyo ni haki kuuliza ni nani aliyepewa tarumbeta na ni nani aliyenyimwa.

Majuma 7 kamili kabla ya kifo cha mbwa huyo, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi miongoni mwao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, vijana wa vijiji vyetu. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Hapakuwa na turubai, wala bendera, wala mlima wa kuwapandisha, na mama zao walipelekewa habari tu. Askari wale wasio na kaburi wanakumbukwa Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, ambako majina yamechongwa juu ya ukumbusho. Unaweza kwenda kuyasoma.