Hamira inavyotengeneza insulini

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, awe anaishi mjini Kasese au Bwera karibu na mpaka wa Kongo, hawezi kukaa siku nyingi bila insulini. Mwili wake hauitengenezi tena. Dawa ikikatika, sukari hupanda katika damu, tindikali hujikusanya, na kifo huweza kufuata. Wengi wanaojidunga sindano hiyo hawajui kwamba huenda imetengenezwa na hamira, aina ileile inayoumua mkate na kuchachusha pombe ya ndizi.

Baada ya kugunduliwa Toronto mwaka 1921, insulini ilitolewa kwa miongo kadhaa katika kongosho la ng'ombe na la nguruwe, jambo lililowatia Waislamu wengi wasiwasi. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyozalishwa na bakteria. Mwaka 1987 kampuni ya Novo ya Denmark ikaanza kuizalisha kwa hamira iliyopandikizwa jeni ya kazi hiyo.

Bakteria huilimbika protini hiyo ndani ya mwili wao kama madonge, ambayo hupasuliwa, huyeyushwa na kukunjwa upya. Hamira inaweza kuitoa nje, kwenye maji inamokuzwa, ikiwa tayari imekunjwa. (Si kila protini hutolewa hivyo: ile ya chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wa Uganda huipata katika chanjo ya magonjwa matano, hubaki ndani ya hamira mpaka seli zivunjwe.)

Lakini hamira haina sababu ya kusafirisha kitu kigeni. Wanasayansi huifungia insulini kipande cha protini mfano wa hati ya kusafiria. Kipande hicho kimeazimwa kutoka kwenye kichocheo kiitwacho alfa, ambacho hamira hukitoa kwa kawaida ili kumwita mwenza. Karibu na mlango wa kutokea, kimeng'enya hukikata.

Ugumu mkubwa uko njiani. Insulini ina asidi amino 51 katika minyororo miwili, iliyoshikwa kwa vifungo vitatu vya salfa. Kifungo kikikosewa, seli huizuia protini hiyo na hatimaye kuivunjavunja. Ukiilazimisha hamira kuzalisha kwa pupa, hulemewa na mavuno hushuka. Kwa hiyo hutengenezwa kwanza mnyororo mmoja unaokunjika kwa urahisi, ambao hukatwa baadaye kiwandani. Pia huongezwa protini zinazosaidia kukunja, na huondolewa vimeng'enya vinavyoitafuna. Watengenezaji wengine, kama Biocon ya India, hutumia hamira ya jamii nyingine, Pichia.

Mavuno mazuri hupunguza gharama ya kiwanda, ila hayaifikishi chupa mpakani. Mpango wa Novo Nordisk ulioanza 2009 huwapa insulini bure watoto wenye kisukari katika nchi kadhaa, Uganda ikiwamo. Mtu mzima hutegemea akiba ya hospitali au mfuko wake. Kisha kuna joto la nyanda zilizo chini ya Rwenzori. Chupa isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyoanza kutumika hudumu takriban wiki nne mahali pa baridi ya wastani. Asiye na friji anaweza kuiweka katika chombo cha udongo kinacholowanishwa kwa maji, chupa yenyewe ikibaki kavu. Isigandishwe kamwe, kwani barafu huiharibu protini hiyo.