Idara ya Jiolojia, Chuo Kikuu cha Cambridge

Chimbuko la idara hii ya Uingereza ni wasia wa daktari John Woodward (alifariki 1728), aliyekiachia chuo fedha za kumlipa mhadhiri pamoja na makabati ya mawe na visukuku. Makabati hayo yangalipo katika Makumbusho ya Sedgwick, yaliyofunguliwa 1904. Adam Sedgwick mwenyewe alipewa uprofesa 1818 akiwa hajui jiolojia ya kutajika. Aliisomea milimani, kwa miguu, na Agosti 1831 akamchukua kijana Charles Darwin kwenda Wales kuchunguza miamba. Wanafunzi wana chama chao, Sedgwick Club, tangu 1880.

Kati ya wahitimu, anayeihusu zaidi Afrika Mashariki ni Vivian Fuchs. Mwaka 1934 aliongoza msafara wa utafiti Ziwa Rudolf, sasa Turkana, ambako wenzake wawili walitoweka wasionekane tena. Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilitoka kwenye barafu: mwaka 1957–58 aliongoza msafara wa kwanza kuivuka Antaktiki pwani hadi pwani bila kupitia angani, kwa siku 99.

Mwaka 1980 idara iliunganishwa na zile za madini na jiofizikia, ikawa Idara ya Sayansi za Dunia.