Kukariri na kufikiri katika mtihani wa Kiswahili

KATIKATI ya jiji la Nairobi, hasa muhula mpya unapokaribia, wachuuzi hutandaza vitabu kando ya barabara. Miongoni mwa bidhaa zao ni miongozo, yaani vijitabu vinavyomfupishia mwanafunzi riwaya au tamthilia teule, vikamworodheshea maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, pamoja na maswali na majibu yake. Aliyeumeza mwongozo barabara anaweza kuingia katika chumba cha mtihani bila kukifungua kitabu chenyewe, na akapata alama.

Namna alama hizo zinavyopatikana hudhihirika katika Kiswahili Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Karatasi hiyo ya fasihi ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Katika swali la dondoo hupewa maneno ya mhusika na kutakiwa kueleza muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa sababu gani. Kwa kawaida hizo ni alama nne, na anayezipata ni mwenye kumbukumbu nzuri. Lakini katika karatasi iyo hiyo huwemo shairi ambalo kwa kawaida mtahiniwa hajapata kuliona. Hapo mwongozo haumfai kitu. Sharti asome, atafakari, kisha aseme mshairi anakusudia nini.

Hata hivyo, si haki kulilaani zoezi la kukariri. Asiyezijua kwa moyo istilahi za vina, mizani na inkisari hawezi kulichambua shairi hilo, hata awe na akili ya kupasua jiwe. Malenga wa pwani walihifadhi tungo nyingi vichwani kabla ya kutunga zao. Tarbia yenye mizani 16 katika kila mshororo haimjii mtu kwa kubahatisha. Kinacholeta hitilafu ni mwanafunzi kukariri jibu zima badala ya nyenzo za kulitafutia jibu.

Katika insha hitilafu hiyo huonekana waziwazi. Wanafunzi wengi wa Kenya wamefunzwa kuanza kwa jua lenye miale ya dhahabu na ndege waliotumbuiza matawini, kisha kutangaza kuwa wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisa kikiwa cha harusi au cha ajali ya barabarani, jua ni lile lile.

Ajabu ni kwamba mfumo wa 8-4-4, unaolaumiwa kwa kasumba hii, ulianzishwa mwaka wa 1985 ili kuiepuka. Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981 ilitaka elimu yenye stadi za kujitegemea, na shule zikafunza kilimo, sayansikimu, sanaa na ufundi. Kufikia miaka ya 2000, KCPE ilikuwa imepunguzwa ikabaki na karatasi tano zenye jumla ya alama 500, na yasiyotahiniwa yakapoteza nafasi darasani. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023.

Mfumo wa umilisi uliochukua nafasi yake, ambao ulianza kote nchini mwaka wa 2019, umejaribu kuugawa uzito. Katika tathmini ya kwanza ya Gredi ya Tisa, KJSEA, iliyofanywa mwaka wa 2025, mtihani wenyewe ulichangia asilimia 60 ya alama. Tathmini ya Gredi ya Sita ilichangia asilimia 20, na kazi za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20.

Mgao huo una upande wake mchungu, na mitaa ya magharibi mwa Nairobi inatosha kuuonyesha. Lavington na Kawangware ni majirani, Westlands na Kangemi vilevile, ila uwezo wa wazazi haulingani kamwe. Mtihani wa kukariri, pamoja na kasoro zake zote, ulimpa mtoto wa Kawangware mwenye kitabu kimoja kilichochakaa nafasi ya kumshinda jirani yake kwa bidii tupu. Mradi wa darasani hudai vifaa, na pengine mzazi mwenye wasaa wa kuufanya yeye mwenyewe usiku.

Hudai pia mwalimu mwenye nafasi. Tafsiri 60 tofauti za shairi moja huchukua siku kadhaa kusahihishwa kwa uadilifu. Majibu 60 yaliyokaririwa humalizwa jioni moja. Nao wachuuzi wa katikati ya jiji hawakungoja sana: vitabu vya marudio ya KJSEA vimo sokoni, vikiwa na majibu yake katika kurasa za mwisho.