Ushindi Tusiousimulia

Kwetu Makuyuni, Korogwe, Vita vya Kagera huishia tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipoanguka. Wazee wakifika hapo husema basi, Amin alikimbia. Lakini majeshi yetu yalikuwa bado Uganda Desemba 1980, wakati wa uchaguzi ambao hatuusimulii.

Nchi ilitawaliwa na Tume ya Kijeshi, iliyomng'oa Rais Godfrey Binaisa mwezi Mei mwaka ule. Mwenyekiti wake, Paulo Muwanga, alikuwa mtu wa UPC, chama cha Milton Obote. Obote mwenyewe alikuwa ameishi kwetu, mgeni wa Mwalimu Nyerere, tangu Amin alipompindua mwaka 1971.

Kura zilipigwa tarehe 10 na 11 Desemba. Habari zilipoenea kwamba chama cha DP cha Paul Ssemogerere kinaongoza, watu walianza kushangilia Kampala. Ndipo Muwanga akatoa amri: hakuna matokeo kutangazwa bila idhini yake, na atakayekaidi atakwenda jela. Matokeo yaliyotoka baadaye yaliipa UPC zaidi ya viti 70 kati ya 126. Tarehe 15 Obote aliapishwa. Muwanga akawa Makamu wa Rais.

Mwaka 1993 Jenerali Babangida wa Nigeria aliufuta hadharani uchaguzi wa Juni 12, ambao Moshood Abiola alikuwa anaelekea kuushinda. Kwa kuwa ulifutwa waziwazi, Wanigeria walipata tarehe ya kuidai, na leo Juni 12 ni Siku ya Demokrasia kwao. Muwanga hakufuta kitu. Masanduku yalibaki, wapigakura walibaki, hata waangalizi wa Jumuiya ya Madola walibaki. Alichochukua ni haki ya kusema nani ameshinda, na kwa hiyo mshindi anabishaniwa hadi leo.

Yoweri Museveni, makamu wa Muwanga katika Tume hiyohiyo, alishindwa hata jimboni kwake. Tarehe 6 Februari 1981 alishambulia kambi ya Kabamba, akidai kura zimeibwa. Vita vya msituni vilidumu hadi Januari 1986, na Luwero ikajaa mafuvu.

Tuna haki ya kujivunia Aprili 1979. Ila aliyesaidia kuvunja mlango anapaswa pia kusimulia kilichotokea ndani akiwa bado amesimama pale.