Uigaji wa usagikaji wa mchanga

Ni mbinu ya uhandisi wa udongo inayotumia kompyuta kufuatilia, chembe moja baada ya nyingine, jinsi mchanga unavyovunjika ukilemewa na uzito. Msingi wake ni kazi ya Peter Cundall na Otto Strack ya mwaka 1979: kila chembe huchukuliwa kuwa kitufe kinachojitegemea, na nguvu hukokotolewa kila kinapogusana na jirani yake. Nguvu ikizidi uimara wa chembe, programu huiondoa na kuweka vipande vidogo mahali pake. Watafiti wengine huiunda chembe kwa vijitufe vilivyogandishwa pamoja, vikabanduka vyenyewe. Njia hii inakaribia uhalisia zaidi, ila inakula muda wa kompyuta vibaya sana.

Mchanga hautofautiani kwa rangi tu. Ule wa kwatzi ni mgumu. Wa matumbawe, kama wa fukwe za Unguja, husagika upesi. Katika jukwaa la gesi la North Rankin, Australia, miaka ya 1980, nguzo zilizama kwenye mchanga wa aina hiyo karibu bila kizuizi.

Mawe mepesi ya volkano nayo husagika upesi, maana yana vitundu ndani: ponda kipande kwa nyundo, kinabaki unga. Chembe za namna hiyo hupasuliwa kwanza maabarani, mojamoja, ndipo kompyuta ipewe namba za uimara wake.